Vipimo vya Mwaka Themanini na Saba

Fremu ya baiskeli ilipofika karakanani mjini Bassano, nyeusi, ya kaboni, nyepesi hata Delfina akainyanyua kwa vidole viwili, babake alivua kofia. Mzee Ottorino alikuwa amestaafu kazi ya kiwandani mwezi wa tatu, na baiskeli hii ndiyo zawadi aliyojipa. Fundi ni bintiye. Jumapili angepanda nayo mlima Grappa na wenzake watatu wa tangu ujana, mara ya kwanza tangu apasuliwe mgongo. Hilo lilimkosesha raha. Aliogopa kuachwa.

Vipuri walivichagua kwa amani kabisa. Rimu, breki, kiti. Hata rangi ya utepe wa usukani waliibishania dakika tano tu. Kisha mzee akatoa daftari lake. Huku Bassano kila mwendesha baiskeli ana daftari la vipimo vyake, urefu wa kiti na kimo cha usukani kwa milimita, na akishaviandika ni kama ameoa. Vya Ottorino viliandikwa mwaka themanini na saba.

Delfina alishauri waweke washa tatu, vile vipete vya chuma, chini ya usukani ili uinuke, na nyuma gia kubwa ya meno thelathini na nne, imrahisishie mlima. Mzee alimtazama kama aliyetukanwa. Washa ni za watalii, alisema, na gia ile wenzake, Gildo hasa, huiita kikaango kwa ukubwa wake.

"Gildo ataniuliza kama nimekuja kukaanga mayai."

"Mkaangie, Baba. Atakuwa na njaa."

Hakucheka. Delfina naye ni mkaidi wa damu ileile, lakini mteja ni mteja. Akafunga kila kitu kama daftari lilivyosema, akaibana baiskeli kwenye stendi, akamwambia apande.

Mzee akapanda. Akainama kuufuata usukani, akafika nusu, akakwama. Akajaribu tena, uso ukamwiva. Maneno ya "si nilikuambia" yalimfika Delfina mdomoni, akayameza, maana vidole vya babake vilikuwa vinatafuta usukani hewani na alimwonea huruma.

"Umekosea kupima," mzee alisema.

"Pima mwenyewe."

Akapima mara mbili. Hakuna hata milimita moja iliyozidi wala kupungua. Akaketi kwenye benchi, daftari mapajani, akapitisha kidole juu ya mwandiko wake wa ujanani.

"Huyu kijana alikuwa hodari sana," alisema mwishowe. "Ila Jumapili haendi yeye, naenda mimi. Weka washa zako, mwanangu. Na hicho kikaango."

Delfina alijifanya anatafuta spana mpaka macho yakamkauka. Mzee alipopanda tena, mgongo ulitulia, na baada ya dakika chache akaanza kupiga mluzi. Hajawahi kujua kupiga mluzi, lakini bintiye aliusikiliza kwa furaha.

Jumapili adhuhuri akapiga simu kutoka kileleni. Utani wa mayai ulianza hata kabla hawajatoka mjini, alisema. Wenzake walimwacha kwenye kona ya tano. Alikanyaga taratibu, hakushuka hata mara moja, na alifika amechelewa dakika arobaini.

"Na wao wako wapi?" Delfina aliuliza.

"Hapa mlangoni pa mkahawa, wanatetemeka kwa baridi. Nimewakuta wakinisubiri, hawajaagiza hata kahawa."