Shati Lililokosa Mchukuaji

Mama Pasi alijifunza Kijapani huku akinyoosha nguo za watu, na usimcheke, maana mwalimu wake alikuwa sauti tu kwenye simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia. "Kimasu," ilisema sauti. Anakuja, na atakuja pia ni hilo hilo. Neno moja, kazi mbili. Mama Pasi alilipenda neno hilo kupita kiasi.

Somo la tatu, la mambo yaliyokwisha kupita, aliliruka kila lilipofika. Kidole chake kilikuwa kizito kubonyeza, kwa hiyo mwanzo wa somo aliusikia, atake asitake.

Mwanawe wa pekee alioa Japani, akazaa binti, akafia huko. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Shati aliloacha alipokuja nyumbani mara ya mwisho, mama alilifua na kulinyoosha kila wiki, akalitundika dukani kwenye kamba ya nguo zinazosubiri wenyewe. Wateja walikuja, wakachukua zao. Lenyewe lilibaki, naye akabaki nalo, na jioni hakuwa na wa kumwambia hata "pole na kazi".

Jumapili mkwewe alipiga simu ya video. Mjukuu hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na Kijapani cha bibi kilikuwa cha kuombea hayo maji tu. Wakachekeana. Kisha mtoto akaliona shati kwenye kamba, nyuma ya bibi.

"La nani?" aliuliza kwa lugha yake.

"Papa no," alijibu bibi. La baba.

Mtoto alikuwa ameshaambiwa habari za msiba. Lakini shati lililonyooshwa vile, kola imesimama, humsubiri mtu. Akasogea karibu na kioo. "Papa, kimasu ka?" Baba atakuja?

Mkwe aligeuza uso. Mama Pasi alitamani kusema ndiyo, neno alilokuwa nalo. Lingemfurahisha mtoto, na yeye mwenyewe pia. Lakini kesho angemjibu nini?

"Papa," alisema, akaanza upya. "Papa, kimashita." Alikuja. Neno la somo la tatu.

Mtoto alilirudia neno taratibu, akimrekebishia bibi matamshi, mpaka wote wawili wakalisema sawasawa.

Simu ilipokatika, Mama Pasi alifungua somo la tatu, akaliacha liseme lote. Shati hakuliacha kwenye kamba. Alilivaa, mikono ikampita vidole, akaikunja, akaendelea na pasi.