Pembe Nne

"Kibaraza hiki hukivunji, fundi. Labda uanze na mimi."

"Mama, sina ugomvi na wewe. Hesabu ndiyo imesema."

"Hesabu ya nani?"

Mwashi alihamisha nyundo bega hadi bega. Alikuwa jirani wa mlango wa tatu, na mwenye nyumba alimpa kazi ya kutandika njia kuzunguka bustani ya uani, upana mmoja pande zote. Bustani ilikuwa mita kumi na mbili kwa nane. Matofali yaliyoletwa yalitosha mita za mraba arobaini na nne, basi. Akajumlisha pande za bustani, akapata arobaini, akagawanya: mita moja na sentimita kumi.

Kibaraza cha mama huyo, mshonaji, kilikuwa mita moja na vidole viwili kutoka bustani. Cherehani ilikaa hapo miaka tisa. Ndani mlikuwa na kitanda, sufuria na giza. Kibaraza kikienda, kazi imekwenda.

"Muache mwenzio afanye kazi," alisema jirani waliyembandika jina la Redio, kigoda keshakisogeza asipitwe na neno. "Au ndiyo yale masomo ya jioni? Mtu mzima na daftari kwapani!"

Watu wakaangua kicheko. Miezi minne, tangu aanze masomo hayo, mshonaji alikuwa akicheka nao. Leo hakucheka. Alichomoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga magoti sakafuni.

"Upana wa njia siujui, nauita x. Njia ikizunguka, upande mrefu unakuwa kumi na mbili na x mbili. Mfupi, nane na x mbili. Zidisha, toa bustani yenyewe, ibaki arobaini na nne."

Chaki ikakimbia, akagawanya yote kwa nne: x kipeo cha pili, jumlisha x kumi, toa kumi na moja, sawa na sifuri.

"Nataka namba mbili. Zikizidishwa, hasi kumi na moja, zikijumlishwa, kumi. Ni kumi na moja na hasi moja. Geuza alama, basi x ni moja, au hasi kumi na moja."

"Majibu mawili!" Redio alipiga makofi. "Hata mwenyewe hajui!"

"Njia ya hasi mita kumi na moja fundi akaijenge kwako. Hapa ni mita moja."

"Miaka ishirini natandika sakafu," mwashi alinguruma. "Leo nifundishwe na chaki?"

"Haya, nionyeshe. Kwenye hesabu yako, pembe umezitia wapi?"

Mwashi aliishusha nyundo. Akaenda kusimama kwenye pembe ya bustani, akatazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa amepima pande nne tu. Vile vipande vya mraba vya kwenye kona hakuvihesabu. Angevunja kibaraza cha watu, halafu matofali yamwishie njiani. Akazunguka kona zote, akang'oa vijiti vya kamba na kuvisogeza ndani sentimita kumi, bila kumtazama mtu.

"Ni ngapi, fundi?" mshonaji aliuliza.

"Moja."

"Redio hajasikia."

"Mita moja, mwalimu! Umeridhika?"

"Sana." Alijipangusa magoti, akasukuma mlango ukafunguka wote. "Nawa mikono uingie ule. Na wewe Redio, usijifanye unaondoka, pita ndani."