Baba Hasikii

Kifuniko cha kopo kililia tik gizani, kikanyamaza, kikafuata kingine. Mama Kijiko akafumbua macho. Upande wa pili wa kitanda shuka lilikuwa limeshapoa. Hii ilikuwa asubuhi ya tisa mumewe kuamka kabla hakujakucha, kuingia jikoni bila kuwasha taa na kujipa mtihani kwa makopo ya viungo.

Alimkuta amesimama mbele ya kabati, pua ndani ya kopo.

"Mdalasini," mume akasema, akimsogezea.

Mama Kijiko akanusa. "Binzari, Baba Kijiko."

"Na hii?"

"Iliki. Hiyo hata jirani anaisikia kitandani kwake."

Mzaha ukafia hapo hapo. Mume akafunika kopo polepole, kama mtu anayefunika maiti.

"Mimi sisikii," akasema. "Sisikii kitu, mke wangu. Kimya tupu."

Walipogeuka, Kijiko alikuwa mlangoni na nguo yake ya kulalia, anataka kwenda chooni. Alikuwa na miaka mitano, na jina hilo alilipata kwa kumganda baba yake miguuni na kijiko mkononi tangu alipojua kutembea. Alimtazama tu baba yake, masikio hasa, kisha akaenda zake.

Mji mzima ulimwita baba huyo Imekubali. Alianza kuchoma nyama kwenye kona ya fundi wa pancha, na jiko la nusu pipa. Saa hakuwa nayo na hakuitaka. Aliinama, akafumba macho, akavuta moshi; mafuta ya karibu na mfupa yakishatoa ile harufu yake, ndipo aliposema, "Imekubali," kama mtu aliyetoka kuposa akajibiwa vizuri. Kabla ya hapo, hata uje na suti na dereva, ungesubiri. Mama Kijiko mwenyewe, kabla hajawa mama wa mtu, alisubiri pale karibu saa nzima, tumbo linanguruma.

"Kaka, hiyo nyama unaichoma au unaibembeleza?"

"Naibembeleza, dada. Kula kwa lazima hakuna raha."

Alikula, akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka wenye maneno wakapata kazi. Halafu siku moja gari la mama mmoja wa televisheni likapata pancha pale pale. Alikula amesimama huku tairi linazibwa. Miaka sita sasa, kila Jumamosi, Imekubali alichoma nyama mubashara, na watoto wa barabarani waliinamia vifuu vilivyojaa udongo, wakanusa, wakatamka neno lake.

Kisha ikaja homa ya wiki mbili. Homa ikaondoka na pua. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi, na hakuna wa kumuuliza.

Hawakumwambia mtu. Mchoma nyama asiyesikia harufu, nani atamweka mbele ya kamera? Wakatunga ishara. Mama Kijiko alisimama pembeni mwa mpiga picha. Akigusa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, nyama iko tayari. Akigusa hereni, bado. Mume aliinama kama zamani, akafumba jicho moja tu, na lile jingine likatafuta kitambaa cha mkewe. Jumamosi tatu zilipita hivyo. Watazamaji walisifu. Nyumbani alikula kama anayetafuna karatasi.

Jumamosi ya nne ndiyo iliyokuwa ya kusaini mkataba wa miaka mingine miwili, na mtayarishaji alitaka familia nzima mezani. Njiani, ndani ya gari la kituo cha televisheni, Kijiko akamgeukia baba yake na kupaza sauti, "BABA, TUTAFIKA SAA NGAPI?" Dereva nusura apande ukingo wa barabara.

"Wewe, mbona siku hizi unampigia baba yako makelele?" mama akamnong'oneza.

"Si hasikii. Alisema mwenyewe jikoni."

Mama Kijiko akacheka, mara ya kwanza tangu ile homa, halafu akamtupia dereva jicho. "Ni siri ya nyumbani," akamwambia mwanawe. "Usimwambie mtu mpaka nikuruhusu. Sawa?"

"Sawa," Kijiko akanong'ona. Kisha akasogeza mdomo kwenye sikio la baba yake. "SAWA, BABA?"

Studio, mbavu za mbuzi zilikuwa zimelazwa kwenye viungo ndani ya friji tangu jana. Hakuna aliyejua kwamba mtu fulani alichomoa waya wa friji usiku ili achaji taa, na akaurudisha asubuhi bila kusema. Sinia lilipofunuliwa Mama Kijiko, aliyekaa mezani na mwanawe, alihisi kitu, lakini tangawizi na pilipili vilikuwa vingi, akajiambia ni woga wake tu. Akagusa hereni. Mume akaiacha nyama motoni. Akagusa hereni tena. Mtayarishaji, nyuma ya kamera, akaonyesha saa yake. Mume hakungoja kitambaa; akainama, akavuta moshi usiomwambia kitu.

"Imekubali," akasema, na wageni ishirini waliokuwa kwenye foleni na sahani zao wakapiga makofi. Wa mbele alikuwa bibi kizee wa kiti cha magurudumu. Nyuma yake, mjamzito.

Kisu kikapita karibu na mfupa. Hapo harufu ikatoka, tamu na nzito, ya kitu kilichokufa mara mbili. Mpiga picha akageuza uso. Kati ya hereni na kitambaa, Mama Kijiko akatafuta ishara ya kusema imeoza, akakuta hawakuitunga. Kipande cha kwanza, kama desturi ya kipindi, kilikwenda kwa mtoto.

Akaweka kiganja juu ya sahani ya Kijiko.

"Jamani, mama hataki mtoto ashibe," mume akatania kamera, lakini macho yake yalikuwa kwenye kitambaa, yakiomba. Mkono mmoja tu ukigusa ile ncha, mkataba unasainiwa, na kesho wanaendelea. Bibi kizee alikuwa ameshanyoosha sahani.

Mama Kijiko alimtazama mumewe, yule aliyewahi kumsubirisha na njaa saa nzima kwa sababu nyama haijakubali. Akaishusha mikono yote miwili, akaiweka mapajani.

"Mama," Kijiko akanong'ona, pua ameikunja, "nimwambie baba?"

"Mwambie, mwanangu."

Kijiko akapanda juu ya kiti. Baba yake akaona mikono ya mkewe ilipolala, na tabasamu la televisheni likamtoka usoni. Akaweka kisu chini. Akamwinamia mwanawe, macho yote mawili ameyafumba, kama alivyokuwa akiuinamia moto enzi za nusu pipa. Kijiko akalishika sikio la baba yake kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na kwa kuwa baba hasikii, akasema kwa sauti yake yote:

"Baba, nyama inanuka."