Bunduki ya Kumfaa Ottie

Mume wangu Denzil alipopata kiharusi mwezi wa pili, mkono wake wa kulia ulilegea, na bunduki aliyorithi kwa babu yake akampa mpwa wake bila kuniuliza. Nilinuna kweli kweli, wala si kwa ajili ya bunduki. Mwanamume akianza kugawa vitu vyake ana jambo moyoni, na mimi si mjinga.

Huku kwetu kwenye milima ya Kentucky, msimu wa kuwinda kindi hufunguliwa Agosti, na asubuhi ya ufunguzi kila nyumba hunukia kindi wa kukaanga na mchuzi mweupe wa maziwa. Kindi hupigwa kichwani. Ukimpiga tumboni nyama inaharibika, na watu watakucheka mpaka kanisani. Denzil hakuwahi kukosa msimu hata mmoja. Mwaka huu, msimu ulipokaribia, alikaa barazani akitazama msitu kama mtu anayetazama nyumba aliyokwisha kuihama.

Basi nikamwambia nataka bunduki ya risasi ndogo, ile tunayoiita ishirini na mbili.

"Wewe?" akasema. "Ya kusongea ugali wa mahindi?"

Nilimwacha acheke. Kwao wanawake hawagusi bunduki. Mama yake aliniambia hivyo kabla keki ya harusi haijaisha. Mimi nililelewa na kaka watupu na niliwashinda wote kwa shabaha, lakini nilikuwa bibi harusi, nikataka amani, nikafunga mdomo. Baadaye nikaona haya kuufungua, na miaka ikapita hivyo hivyo. Hila yangu ilikuwa hii: kuchagua bunduki iitwe yangu, ila imfae yeye na mkono wake mmoja.

Dukani, kijana muuzaji, Lowell, alitupangia bunduki tatu juu ya kaunta.

"Ya kazi gani, Bi Ottie?" akauliza. "Usiniambie unataka nzuri tu. Zote ni nzuri mpaka uzibebe mlimani."

"Ya kindi," nikasema.

"Ya mbweha wa banda la kuku," Denzil akadakia.

Lowell akatutazama mmoja mmoja, akakuna shingo. "Sasa nyinyi mnanunua moja au mbili?"

"Moja," tukasema pamoja. Pesa yetu ilikuwa ya moja, tena bila darubini.

Ile ya kwanza, yenye mtutu mnene, Denzil aliisukuma pembeni hata kabla Lowell hajafungua mdomo. Hiyo ni ya kulengea makopo ukiwa umekaa mezani. Ya pili ilikuwa nyepesi na inajikoki yenyewe: ukishapiga, risasi nyingine inapanda bila kuguswa. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Angeweza kuiegemeza kwenye panda ya mti, akapiga kwa mkono wa kushoto bila msaada wa mtu. Nikaishika nisiiachie.

"Iweke chini hiyo," Denzil akasema. "Inachagua risasi kama mtoto anavyochagua mboga. Itakukwamia siku unayoihitaji, nawe hujui kuikwamua. Lowell, mpe ile ya kukoki kwa mkono, yenye kitako kifupi. Haina ujanja mwingi. Mtu akiwa peke yake gizani anajua kama ina risasi au haina."

"Nani atakuwa peke yake gizani?" nikauliza.

Denzil alikuwa ameshaichukua bunduki hiyo. Alikuwa akipima kitako kwenye bega langu kwa mkono wake mzima, polepole, kama fundi anayepima nguo ya mtu. Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa namtafutia bunduki ya kuishi naye. Yeye alikuwa ananitafutia bunduki ya kubaki nayo.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya pikapu yetu, nikapiga teke gurudumu, nikalia, nikajifuta. Niliporudi nilinunua aliyoichagua. Hasira nilikuwa nayo, lakini sikuwa na moyo wa kumnyima.

Alfajiri ya kufungua msimu nilimshika kiuno tukapanda taratibu mpaka kwenye mti wa hikori ulio nyuma ya zizi. Nikachimbia kijiti cha panda, nikaegemeza mtutu. Yeye alilenga kwa jicho la kushoto, mimi nikamkokia. Alikosa wa kwanza akatukana. Wa pili alianguka, amepigwa kichwani barabara. Nilimwona kidevu kikimtetemeka, nikajifanya natafuta ganda la risasi kwenye majani.

Kisha akanisukumia bunduki. "Sasa wewe. Nataka nione."

Kindi wa tatu alikuwa amekaa wazi kwenye tawi, anamenya kokwa yake ya hikori bila wasiwasi. Nilimtazama Denzil. Alikuwa ananingoja kwa utulivu ambao sikuupenda hata kidogo, utulivu wa mtu aliyebakiza kazi moja tu. Nikaweka shavu kwenye kitako. Bega langu lilikumbuka kila kitu. Nikalenga gome la mti, upana wa kidole kulia kwa kichwa cha yule mnyama, nikalipata pale pale.

Kindi akatoweka.

"Umevuta kulia!" Denzil akafoka. "Kifyatulio hakikamuliwi kama chuchu ya ng'ombe, wee mwanamke!"

"Basi nifundishe."

"Nikufundishe! Kwa mkono huo utajua lini?"

"Labda mwakani," nikasema.

Akaguna, akatazama juu matawini, akahesabu jambo lake kichwani. "Mwakani, basi," akasema. "Na hata kuisafisha bado hujui."

Tangu mwezi wa pili hakuwa amelitamka neno hilo, mwakani. Nikakoki, nikamrudishia bunduki.