Damu ya Shamsha

Shamsha aliugua selimundu tangu utotoni, na adui yake alikuwa baridi. Upepo wa ziwa ukivuma tu, mifupa inaanza kumchoma. Kwa hiyo Mwanza nzima ikitoka jasho, yeye anakwenda sokoni na sweta lake la sufi, na wanaomcheka anawacheka zaidi.

Alipokufa, kaka yake Nadim alibaki na kichupa cha damu yake kwenye friji ya maabara. Shamsha aliitoa mwenyewe kwa ajili ya utafiti.

"Kilichobaki cha mtu kinazikwa," mama yao alisema siku ya hitima, nyumbani Nyegezi. "Ilete."

"Chembe zake zikiacha kutembea nitaileta, mama."

Nadim alishamweleza kazi yake zamani. Chembe ya damu ina utando laini, na molekuli huogelea humo huku na huko. Nadim huzitia rangi inayong'aa, kisha kwa mwanga wa leza huunguza kiduara kimoja mpaka kiwe cheusi. Halafu anasubiri. Molekuli za jirani, zenye rangi bado, huingia taratibu, weusi unafifia, naye anapima kasi yao. Mama aliuita mwendo huo uhai. Haikuwa kweli, maana utando hutembea hata chembe ikiwa imekufa, lakini Nadim hakumsahihisha. Hata yeye mwenyewe alihitaji kuamini hivyo.

"Leo zinatembea?" mama alimwuliza kila jioni, kabla hajavua viatu.

"Zinatembea."

Hapo ndipo mama alikubali kula. Lakini bandu bandu huisha gogo. Kila kipimo kilichukua tone, na damu iliyobaki ilikuwa ikichakaa. Basi Nadim, msomi mzima anayegombeza wenzake kwa kuacha mlango wa friji wazi, akakisukuma kichupa nyuma kabisa, kwenye ukuta wa barafu, kama mtu anayehifadhi samaki. Alijua fika kwamba damu ikiganda chembe hupasuka. Ila mtu aliyefiwa hujua mambo mengi asiyoyafuata.

Kesho yake kichupa kilikuwa kigumu kama jiwe. Kilipoyeyuka, hadubini haikuonyesha chembe hata moja nzima, maji mekundu tu. Hapakuwa na mahali pa kuunguza kiduara, wala cha kusubiri. Nadim akalaza kichwa mezani na kulia kuliko alivyolia makaburini.

Jioni mama alimkuta amesimama mlangoni, viatu bado miguuni.

"Leo zinatembea?"

"Hapana, mama. Nimeziharibu mimi. Niliziweka kwenye baridi kali ili zidumu, zikaganda."

Mama hakumgombeza. Nadim alitamani amgombeze. Mama alinyoosha mkono akapokea kichupa alichokuja nacho, akakishika kwa muda, kisha akaingia chumbani kwa Shamsha na kutoka na lile sweta.

"Bado ana baridi," akasema, akikiviringisha kichupa ndani ya sufi.

Njia nzima hadi makaburini alikikumbatia kifuani, wala hakukubali Nadim amsaidie kukibeba.