Tukifika Mwamba wa Dohani

Asubuhi moja, msafara wetu wa kuhamia magharibi ukijiandaa kuondoka, Asahel Tuttle aliniomba nikubali anioe, mkono mmoja umeshika mjeledi, wa pili kofia. Nilikuwa mjane wa miezi kumi, na ndani ya gari langu la maksai alikuwemo mama mkwe wangu, Tryphena. Atakayenioa ingembidi amchukue na yeye.

"Nitakujibu tukifika pale," nikasema, nikimwonyesha Mwamba wa Dohani, umejichomoza peke yake magharibi, mwembamba kama kidole.

Akacheka. "Pale? Basi mchana nakula na mke wangu."

Dada yangu, aliyepita njia hii mwaka juzi, aliniandikia kwamba hewa ya bonde hili la mto Platte ni kavu na inadanganya macho: mwamba ukiuona leo, unaufikia siku ya tatu. Nami nilitaka kumjua mtu huyu akicheleweshwa anakuwaje. Marehemu mume wangu alikuwa mpole mpaka jambo limcheleweshe. Hapo maksai walichapwa hadi damu.

Mchana tukala maharage na nyama ya chumvi. Mwamba ulikuwa mbali vilevile.

"Tuttle!" mama mkwe akamwita. "Mbona unakula peke yako?"

"Mama, ule mwamba una miguu. Tukisogea nao unasogea."

Siku ya pili mzaha ulimwisha, akawa anautazama tu. Siku ya tatu, umebaki mwendo wa saa mbili, maksai wake mmoja akaanza kuchechemea. Kiongozi wa msafara akamwambia amwachie mbwa mwitu. Magari yakampita, langu pia. Nilipogeuka, nilimwona Asahel ameketi vumbini, ukwato mapajani, akikata ngozi ya buti lake amshonee mnyama kiatu. Alikuwa anamwimbia, tena vibaya mno.

Nikamwachia mama mkwe mjeledi, nikarudi kwa miguu.

"Nyie tangulieni," akasema bila kuinua kichwa. "Nitawakuta mwambani. Ikiwa kesho, basi kesho."

"Jibu langu ni ndiyo."

Sindano ikasimama. Akautazama mwamba, akanitazama mimi.

"Lakini hatujafika, Permelia."

"Shona, bwana. Mnyama anaumia."

Nikapiga magoti, nikamshikia ule mguu. Akaanza kushona upya, na mishono yote ikaenda kombo.