Fizikia ya Yareli

Eulalia Barragán alikuja ofisini kwangu mwezi wa nne, viatu vyake vikiwa bado na vumbi la kiwanda cha lozi. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa chuo chetu cha miaka miwili wanaotaka kuhamia chuo kikuu. Nilimfahamu kupitia bintiye, Yareli, aliyefariki Januari, gari lake lilipogongwa na lori kwenye ukungu.

Aliweka barua mezani. Chuo kikuu kilikuwa kinamwarifu Yareli, kana kwamba yu hai, kuwa krediti zake zote, yaani alama za masomo aliyomaliza kwetu, zimepokelewa isipokuwa za fizikia. Somo letu halilingani na lao. Alirudie kabla ya Agosti, la sivyo nafasi yake itapotea.

"Mwalimu, hiyo fizikia yao wanaipika kwa maji gani?" aliuliza. "Mwanangu alifaulu. Nilimwona akisoma na homa, kitambaa cha maji kichwani."

"Alifaulu, mama. Ni sheria zao tu. Saa zetu za maabara ni chache kuliko zao."

"Basi zungumza nao."

"Mama Eulalia, hata wakikubali..."

"Najua alipo. Mimi ndiye niliyemvalisha. Nataka tu waandike kwamba alifaulu."

Nilishindwa kumwambia hapana. Mwalimu wa fizikia alinipa muhtasari wa somo na ripoti za maabara za Yareli, kisha akaongeza barua yake, kurasa mbili kwa mkono. Nikatuma rufaa. Ndani yake nilieleza kwamba mwanafunzi amefariki. Niliona si haki kunyamaza.

Wiki ya tatu jibu likaja, mistari miwili tu. Walitoa pole. Kwa kuwa mwombaji hayupo tena, faili limefungwa bila uamuzi.

Nilimsomea Eulalia mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa akinitazama mdomo tu.

"Kwa hiyo hawajamkataa?"

"Hawajamkataa, mama."

"Wala hawajamkubali."

"Wala."

"Ungewaficha," alisema taratibu. "Ungewaficha kidogo tu, mwalimu, mpaka waandike."

Nilimsogezea boksi la tishu, hakuligusa. Aliichomoa ile barua ya mwalimu wa fizikia kutoka kwenye rundo la karatasi za rufaa, akaikunja, akaitia kifuani. Karatasi nyingine aliniachia, akatoka kuwahi zamu yake.